Edeni ya Kuuzwa: Historia ya Taswira Zilizochuja katika Karatu na Ngorongoro

Karatu na Ngorongoro ni miongoni mwa sehemu za Afrika Mashariki zilizopigwa picha, kuchorwa na kuandikwa kwa wingi zaidi katika karne moja iliyopita, na kwa sababu hiyo zinafaa kuchunguziwa jambo ambalo wanahistoria hulitazama kwa uzito mara chache, yaani maisha ya taswira tangu inapobuniwa hadi inapochuja. Taswira iliyochuja, kwa maana inayotumika hapa, ni picha, kauli au kifaa ambacho kilikuwa na makali kilipotokea mara ya kwanza, lakini kikarudiwa hata kikabaki na kazi moja tu ya kuamsha hisia laini ambayo mtazamaji alikwisha kuwa nayo kabla hajakiona. Morani aliyesimama kwa mguu mmoja huku jua likizama, twiga wa mbao waliopangwa rafuni kwa vimo, fulana zilizoandikwa "hakuna matata", na kreta inayosifiwa kuwa Bustani ya Edeni au ajabu ya nane ya dunia, vyote ni vya kundi hilo, na vyote hupatikana kwa urahisi kandokando ya barabara inayotoka Mto wa Mbu, ikapanda ukuta wa Bonde la Ufa na kupita Karatu mjini hadi lango la Lodoare.

Ni rahisi kuvidharau vitu hivyo kwamba ni mapambo ya bei nafuu yasiyo na fikra, lakini dharau hiyo huficha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kila kimoja kilibuniwa na mtu au kundi la watu wanaojulikana, katika mwaka unaoweza kutajwa, kwa ajili ya mnunuzi wa aina fulani. La pili ni kwamba taswira haipungukiwi na nguvu kwa sababu imechuja. Katika eneo hili taswira zilizozoeleka zimeamua bidhaa zipi zitengenezwe, watu wavae nini mbele ya wageni, na hata nani aonekane kuwa ana haki ya kuwepo katika mandhari na nani aonekane kuwa amevamia.

Kreta kabla ya kuwa picha

Kreta ya Ngorongoro ni kaldera, yaani shimo kubwa linalobaki baada ya kilele cha volkano kuporomoka na kudidimia ndani ya mlima wenyewe; sakafu yake ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 260, na kuta zake zina kimo cha mita 600 hivi. Kabla ya Wamasai kuitawala katika karne ya 19, nchi hiyo ilikuwa ya Wadatoga, ambao makaburi ya wazee wao yamo ndani ya kreta na yanaendelea kuheshimiwa na vizazi vyao vilivyohamia Eyasi na Hanang. Wamasai nao waliitumia sakafu hiyo kwa malisho, kwa maji na kwa magadi ambayo ng'ombe hulamba, kwa hiyo jamii zote mbili ziliijua kreta kama mahali pa kazi na pa ibada.

Mzungu wa kwanza anayejulikana kuifika, Oscar Baumann wa Austria, aliingia ndani yake mwezi Machi 1892, na kitabu alichokichapisha Berlin mwaka 1894 hakina Edeni yoyote. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioenea Afrika Mashariki mwanzoni mwa muongo huo, ulikuwa umeteketeza mifugo, na Baumann aliwakuta Wamasai waliodhoofika kwa njaa wakiizunguka kambi yake kutafuta chakula. Maelezo ya kwanza ya maandishi kuhusu kreta, basi, yalikuwa maelezo ya balaa la binadamu, na ni jambo la kuzingatiwa kwamba sehemu hiyo ya ushahidi ndiyo iliyosahauliwa mapema zaidi na waliokuja kuisifu.

Wakati wa utawala wa Wajerumani, ndugu wawili wa familia ya Siedentopf, Adolf na Friedrich Wilhelm, walianzisha mashamba ndani ya kreta, wakafuga ng'ombe na kujaribu kuwaswaga nyumbu nje ili malisho yabaki kwa mifugo yao, jitihada ambayo haikufanikiwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza, mashamba hayo yalipita mikononi mwa Sir Charles Ross, tajiri wa Uskoti, na wasafiri wakaanza kuandika vitabu ambamo wingi wa wanyama ndio uliokuwa habari kuu, kama kile cha T. A. Barns cha mwaka 1923. Mwaka 1928 uwindaji ulipigwa marufuku katika sehemu kubwa ya kreta, na katika miaka ya 1930 nyumba za magogo za wageni zikajengwa ukingoni, mahali ambapo kreta yote huonekana kwa mtazamo mmoja. Kuanzia hapo mgeni aliweza kuiona kreta kwa namna ambayo mchungaji aliye chini hawezi, yaani kwa mbali, kimya, bila harufu wala vumbi, na watu wake wakiwa wadogo kiasi cha kutoonekana. Utazamaji huo wa kutoka juu ndio uliozaa karibu kila sifa iliyofuata.

Edeni inatengenezwa

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambayo mwanzoni iliijumuisha Ngorongoro, ilianza mwaka 1951, na katika miaka minane iliyofuata serikali ya kikoloni ilivutana na Wamasai juu ya haki ya kuishi na kulima ndani yake. Mwaka 1958 wazee wa Kimasai walitia saini makubaliano ya kuondoka Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la aina yake, lenye ukubwa wa kilomita za mraba takriban 8,300, ambamo binadamu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Katika kipindi hichohicho cha mvutano ndipo Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael walipokuja na ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia ili kuwahesabu wanyama kutoka angani; walihesabu wanyama wakubwa 366,980.

Tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo, ikiongozwa na Michael peke yake, iligongana na tumbusi ikaanguka, naye akafa na kuzikwa ukingoni mwa kreta. Filamu ambayo baba na mwana walikuwa wakiitengeneza, yenye jina linalosema kwamba Serengeti haipaswi kufa, ilitoka mwaka huohuo, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora ndefu ya hali halisi. Mafanikio yake hayaelezeki kwa uzuri wa picha pekee. Watazamaji wa kwanza walikuwa Wajerumani ambao miaka 15 tu kabla ya hapo waliishi katika miji iliyobomolewa kwa mabomu, bustani ya Frankfurt yenyewe ikiwa mojawapo ya vilivyoharibiwa, na filamu iliwapa dunia ambayo ilionekana kuwa haijaguswa na vita, viwanda wala hatia. Kifo cha kijana kiliongeza msiba wa kweli juu ya hamu hiyo, na mnara wa mawe uliojengwa juu ya kaburi lake, wenye maandishi yanayosema kwamba aliwatolea wanyama wa Afrika kila alichokuwa nacho pamoja na uhai wake, ukawa kituo cha wageni wanaopita ukingoni. Bernhard Grzimek alipofariki mwaka 1987, majivu yake yalizikwa hapohapo.

Haitakuwa haki kuiita kazi ya akina Grzimek taswira iliyochuja. Ndege yenye milia, sensa ya angani na makundi ya nyumbu yaliyopigwa picha kutoka juu vilikuwa vitu vipya kabisa mwaka 1959. Kilichochuja ni kile kilichofuata, pale ambapo mpangilio uleule wa picha, yaani uwanda usio na mtu, wanyama wasio na idadi na sauti ya msimulizi mwenye huzuni, uliporudiwa katika filamu, kalenda na vipeperushi bila ya msiba wala utafiti uliouzaa. Kasoro iliyokuwemo tangu mwanzo ilirudiwa pamoja nao, kwa maana filamu iliipinga mipaka mipya ya mwaka 1959 kwa hoja kwamba Wamasai na ng'ombe wao hawana nafasi mahali pa wanyamapori, na Edeni ya namna hiyo ilikuwa bustani ambamo Adamu ndiye tatizo.

Hisia za namna nyingine zililetwa na Hollywood. Filamu ya "Hatari!" ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1962 na kumwonyesha John Wayne akiongoza kundi la wakamataji wanyama kwa ajili ya bustani za ng'ambo, ilipigwa Momella karibu na Arusha na katika maeneo ya Manyara na Ngorongoro. Humo wanyama hawaombolezwi bali wanachekesha, hasa ndama wa tembo wanaomfuata mwanamke wa Kizungu huku muziki wa Henry Mancini ukipigwa. Filamu hizi mbili, moja ya kilio na nyingine ya kicheko, ziligawana kazi ya kumwandaa mgeni, ambaye tangu hapo alifika Ngorongoro akiwa amekwisha kuiona, na kipimo chake cha safari njema kikawa ni kama mahali penyewe pamefanana na filamu.

Karatu, mji wa njiani

Karatu yenyewe haikuzaliwa na utalii. Ni nchi ya wakulima na wafugaji wa Kiiraqw waliotoka katika milima ya Mbulu na kuenea kaskazini katika karne ya 20, na ya mashamba ya kahawa ambayo walowezi, wengi wao Wajerumani, waliyafungua Oldeani na kandokando ya msitu wa Ngorongoro mwishoni mwa miaka ya 1920. Shamba moja la wakati huo lilinunuliwa mwaka 1948 na James Gibb, Mwingereza aliyetoka vitani, na mwaka 1972 yeye na mkewe Margaret wakaanza kupokea wageni wa kulala. Kwa wengi waliofuata, shamba hilo lilikuwa kielelezo cha jinsi kahawa, bustani ya maua na mahali pa moto vingeweza kuuzwa kama ladha ya enzi ya walowezi. Vitunguu vya Mang'ola, mbaazi, maharage na ngano vimeendelea kuwalisha watu wa wilaya hiyo, lakini katika vitabu vya wageni Karatu hutajwa kama kituo cha mafuta na chakula cha mchana.

Serikali ya wazalendo iliingia katika biashara ya utalii kwa hesabu, si kwa hisia. Septemba 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Julius Nyerere alitoa tamko linalojulikana kama Azimio la Arusha la Wanyamapori, ambalo halipaswi kuchanganywa na Azimio la Arusha la mwaka 1967, akiahidi kwamba nchi yake ingewalinda wanyamapori kwa ajili ya vizazi vijavyo. Yeye mwenyewe hakuwa na hisia za akina Grzimek, kwani anakumbukwa kwa kusema kwamba hakupendezwa na kutumia likizo yake kuwatazama mamba, ila alitambua kwamba wapo watu ng'ambo wanaolipia furaha hiyo. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971, na hoteli kubwa ya umma ikajengwa ukingoni mwa kreta katika miaka hiyohiyo, ili wageni wasitegemee Nairobi.

Utegemezi huo ulidhihirika mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi Novemba 1983. Misafara ya magari iliyokuwa ikitoka Nairobi ilikoma, na biashara ya kaskazini ikadorora kwa miaka mingi. Ilipofufuka, baada ya mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980, ilikuwa mikononi mwa kampuni binafsi za Arusha, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 barabara kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro ilipowekwa lami kwa msaada wa Japani, Karatu ikapata hoteli, kambi na maduka ya vinyago kwa kasi ambayo haijawahi kuonekana.

Mikono iliyo nyuma ya vinyago

Anayechunguza bidhaa za maduka hayo hugundua kwamba ni chache mno zilizotoka Karatu. Sanamu za Wamasai wembamba na safu za wanyama wa mbao zina asili yake katika historia ya vita, kwani Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu nchini Kenya, alipelekwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaona huko kazi za wachongaji wa pwani, na aliporudi akaanza kuchonga kwa ajili ya kuuza. Ufundi wake ulienea kwa majirani na jamaa, ukawa biashara ya vijiji vizima na baadaye ya vyama vya ushirika, na Wakamba ndio walioibuni sanamu ya morani kama kifaa cha kufungashwa mkobani, ingawa wao si Wamasai na katika historia walipigana na Wamasai mara nyingi.

Vinyago vya Wamakonde vina safari ndefu zaidi. Wachongaji waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge walikuja na ustadi wa kuchonga vinyago vya unyago na jando, na walipokutana na wanunuzi wa mijini wakaanza kutumia mpingo, mti mgumu wenye kiini cheusi. Katika miaka ya 1950 Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Kihindi wa Dar es Salaam, aliwatia moyo wachongaji wabuni maumbo mapya, na karibu na mwaka 1959 Samaki Likankoa akatoa kinyago cha shetani, kiumbe chenye viungo vilivyopinda na jicho moja au mdomo uliohamia mahali pasipo pake, ambacho hakikufanana na chochote kilichokuwa sokoni. Mtindo wa ujamaa, ambamo watu wengi hupandana katika nguzo moja ya mti, unahusishwa na Yakobo Sangwani, na jina la mtindo huo likaupa bahati ya kupendwa na serikali ya wakati huo. Ubunifu huo wa watu wachache ulirudiwa na mamia, na kadiri mpingo ulivyoadimika ndivyo miti myeupe ilivyopakwa dawa ya viatu ili ipate weusi ambao mnunuzi alikuwa amefundishwa kuutafuta.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam karibu na mwaka 1968, kwa rangi za mafuta za kung'aa juu ya vipande vya mraba vya hadibodi, na picha zake za chui, ndege na viumbe wa ajabu ziliuzwa kwa wageni wa Oysterbay. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa kimakosa kuwa mhalifu, akafa baada ya miaka minne tu ya kazi. Wanafunzi wake, wengi wao ndugu zake, waliuendeleza mtindo huo na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika, na baadaye wachoraji wasio na uhusiano na chama hicho wakauongezea mlima Kilimanjaro, Wamasai na msafara wa tembo, ambavyo ndivyo vinavyojaza maduka ya Karatu leo. Kauli ya "hakuna matata" nayo ina tarehe zake, kwa kuwa ilisambazwa na wimbo wa "Jambo Bwana" wa bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa mwaka 1982, uliotungwa kwa ajili ya wageni wa hoteli za pwani, kisha ikabebwa na filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1994.

Mfululizo huu unaonyesha utaratibu mmoja. Mbunifu hutoa kitu kipya kwa kukutana na mnunuzi mgeni. Kitu hicho kikiuzika, wengine hukirudia. Mnunuzi anayefuata hukitaka kwa sababu amekiona kwa aliyemtangulia. Na mwishoni jina la mbunifu hupotea, kitu kikaitwa cha Kiafrika tu. Bei haibadilishi utaratibu huo. Hoteli ya kifahari iliyojengwa upya ukingoni mwa kreta katika miaka ya 1990, yenye paa za mfano wa nyumba za Kimasai, vinara vya vioo, mapazia mazito na maua ya waridi kama ya kasri la Ufaransa, ilimuuzia tajiri hisia ileile ambayo fulana humuuzia mwanafunzi anayesafiri na begi mgongoni.

Shuka iliyokatazwa na shuka iliyotafutwa

Hakuna kisa kinachoeleza kugeuka kwa taswira vizuri zaidi kuliko kile cha mavazi ya Wamasai. Mwishoni mwa mwaka 1967 na mwanzoni mwa 1968 uongozi wa Mkoa wa Arusha ulianzisha kampeni ya kuwalazimisha Wamasai waache rubega, yaani nguo inayofungwa begani, pamoja na mavazi ya ngozi na udongo mwekundu, na badala yake wavae suruali na magauni. Waliokaidi walinyimwa baadhi ya huduma za umma. Hoja ilikuwa kwamba taifa linalojenga ujamaa haliwezi kuwaacha raia wake waishi kama maonyesho ya wageni. Mwaka 1970 vijana wa chama tawala cha TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizusha mjadala mkali gazetini kuhusu utalii wenyewe, wakidai kwamba unazalisha unyenyekevu wa mtumishi kwa bwana na utamaduni wa kuigiza, na michango ya mjadala huo ilihaririwa na Issa Shivji katika kitabu kilichotoka mwaka 1973.

Katika kizazi kimoja tu msimamo huo uligeuka. Shuka nyekundu, ambayo ni kitambaa cha kiwandani kilichochukua nafasi ya ngozi katika karne ya 20, na shanga za kioo, ambazo kwa muda mrefu zililetwa kutoka Venisi na Bohemia, zilipata hadhi ya alama ya taifa katika mabango ya utalii. Vijana waliotoka jandoni, ambao kwa desturi huvaa nguo nyeusi na kujichora uso kwa chokaa, walianza kusimama kando ya barabara ya Ngorongoro ili wapigwe picha kwa malipo, na miongoni mwao wakaingia watoto ambao muda wao wa jando haujafika. Katika miaka ya 1990 mamlaka ya hifadhi iliruhusu boma za utamaduni, yaani vijiji vilivyotengwa kwa ajili ya wageni, ambako gari hulipa kiingilio, ngoma huchezwa, nyumba hufunguliwa na shanga hutandazwa uani. Boma hizo ziliwapa wanawake kipato ambacho hawakuwa nacho, na zikaleta ugomvi juu ya mgawanyo wa fedha kati ya wenyeji, madereva na kampuni. Lakini pia ziliweka katika ratiba ya nusu saa kile ambacho kampeni ya 1968 ilikusudia kukifuta.

Jambo la kuangaliwa hapa si kurudiarudia kwenyewe, maana sanaa za jamii hizi zote huishi kwa kurudiwa. Mwanamke wa Kimasai aliyeshona ushanga kwa ajili ya mwanawe alirudia mpangilio uliojulikana, na waliouona waliweza kusoma ndani yake rika, ukoo na hali ya ndoa ya mvaaji. Wasichana wa Kiiraqw waliokuwa wakiwekwa ndani katika desturi ya marmo walitengeneza sketi za ngozi zenye nakshi za shanga, kila mmoja akirudia mapambo ya waliomtangulia, na waliokuwa wakizitazama walijua kuzitofautisha. Desturi hiyo ilikoma katika enzi ya ukoloni, na sketi hizo sasa hutazamwa zaidi katika makumbusho kuliko katika maduka ya Karatu. Marudio ya namna hiyo hayachuji kwa sababu mtazamaji anazifahamu tofauti ndogo. Sokoni mnunuzi hazifahamu, hivyo hazilipii, na kisicholipiwa hakidumu kutengenezwa. Mkufu uliokuwa ukisema habari ya mtu mmoja hubaki ukisema neno moja tu, kwamba mvaaji ni Mmasai.

Kandokando ya Ziwa Eyasi mabadiliko hayo yanaonekana yakiwa bado njiani. Wahunzi wa Kidatoga, ambao kwa muda mrefu waliwafulia wawindaji wa Kihadzabe vichwa vya mishale na kupata nyama, asali na ngozi kwa kubadilishana, huyeyusha kufuli mbovu, koki za bomba na vyuma chakavu vingine kwa mivukuto ya ngozi, na sasa huwauzia bangili za shaba wageni wanaofikishwa hapo na magari kutoka Karatu. Lakini mishale bado inafuliwa kwa ajili ya mwindaji anayejua kosa la milimita chache, na kwa kadiri mteja huyo anavyoendelea kuwepo, ustadi una mtu wa kuupima zaidi ya mtalii.

Gharama ya taswira

Madhara makubwa zaidi hayapo katika maduka. Wamasai waliokuwa wakiishi kwenye sakafu ya kreta waliondolewa mwaka 1974, na sheria ya mwaka 1975 ikapiga marufuku kilimo katika hifadhi nzima, marufuku iliyolegezwa mwaka 1992 na kurudishwa baadaye. Tangu mwaka 2022 serikali imeendesha mpango wa kuwahamishia wakazi wa Ngorongoro kijiji cha Msomera wilayani Handeni, ikieleza kwamba idadi ya watu imeongezeka kutoka wapatao 8,000 mwaka 1959 hadi zaidi ya 100,000, na kwamba mifugo inazidi uwezo wa ardhi. Wanaoupinga wametaja haki za ardhi, ahadi zilizotolewa walipoondoka Serengeti, na huduma zilizopunguzwa hifadhini. Mwezi Aprili 2022, mabishano hayo yakiendelea, filamu ya "The Royal Tour", iliyomwonyesha Rais Samia Suluhu Hassan akimtembeza mwandishi Peter Greenberg katika vivutio vya nchi, ilizinduliwa New York.

Katika mabishano hayo kila upande umeegemea taswira ya zamani. Wanaotaka kreta isiyo na watu hurejea Edeni ya mwaka 1959, nao baadhi ya watetezi wa ng'ambo humchora Mmasai kama kiumbe wa kale asiyebadilika, anayeishi na simba kwa amani tangu mwanzo wa dunia. Taswira zote mbili huwaacha nje Wadatoga waliotangulia, njaa ya 1892, wafugaji waliosoma na kuwa walimu, na vijana wenye simu wanaofanya kazi ya ulinzi mijini. Mashauri juu ya idadi ya ng'ombe, mvua na mapato ya lango yanahitaji watu wenye umri, mali na madai, na taswira iliyochuja haina nafasi ya vitu hivyo.

Kwa hiyo uchunguzi wa vitu hivi vinavyodharauliwa ni sehemu ya historia ya siasa na uchumi kama ulivyo uchunguzi wa sheria na mipaka. Unaanza kwa kazi ndogo ambayo makumbusho, shule na wafanyabiashara wa Karatu wangeweza kuifanya bila gharama kubwa, nayo ni kuandika kwenye kila kinyago, picha na bangili jina la aliyekitengeneza, mahali na mwaka. Mnunuzi akishajua kwamba shetani wa mpingo alianza na Samaki Likankoa na morani wa mbao na Mutisya Munge, atakuwa na sababu ya kuuliza aliyekichonga hiki alichokishika ni nani na amelipwa kiasi gani, na mkazi wa Ngorongoro naye atakuwa na nafasi bora ya kutambuliwa kuwa mtu mwenye jina na historia badala ya pambo la mandhari.